Shibiri ya Wagonjwa

Asubuhi za Newala nilizokulia zilianza na ukungu. Ulipanda usiku kucha kutoka bonde la Ruvuma, na kulipopambazuka ulikuwa umeshaingia sokoni na kutanda juu ya mapaa, hata mtu aliyekuja mbele yako ulimsikia miguu kwanza, kisha ukaona mzigo wake, na mwisho kabisa ndiyo uso. Siku mama aliponipeleka kununua nguo ya harusi yangu, duka tulilifikia kwa kunusa. Nguo mpya zina harufu yake, ya wanga na ya safari ndefu, na pale ilichanganyika na harufu ya mafuta ya taa.

Lilikuwa duka la Mhindi. Mume alishinda uani akipima ufuta na korosho za wakulima, mke ndiye aliyekaa mbele kwenye nguo. Alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, na mji mzima tulimwita Mama wa Dukani. Nyuma yake palitundikwa picha ya Malkia iliyofifia kwa jua, na chini ya picha ndiyo majora ya nguo: kaniki, bafta, drili, chiti za maua, poplini. Mimi niliyapenda majora yale kuliko kitu chochote mjini. Nikiyatazama kwa muda niliona kama yanapumua.

Nilikuwa nimeposwa na mwalimu wa shule ya misheni huko Lulindi, chini ya mteremko. Wasichana wenzangu wa kanisani waliolewa na gauni jeupe. Mama alikataa.

"Nyeupe na vumbi hili? Utafika kanisani umekuwa tofali. Na maji ya kuifulia utayatoa wapi?"

Basi tukachagua poplini ya rangi ya samawati. Mama wa Dukani akaipima kwa ile fimbo yake ya wari, akiivuta mezani wari baada ya wari, na nguo ikawa inashuka upande wetu kama maji ambayo hatukuwa nayo. Alipofika mwisho aliinua mkasi, akasimama.

Nilijua kitakachofuata. Kila aliyenunua nguo ya kukatwa aliulizwa, tangu mimi mtoto. Mama wa Dukani alikuwa akisema, "Shibiri ya wagonjwa?" Ukikataa, alikata pale pale ulipopimiwa na uso wake haukubadilika. Ukikubali, alikunjua kiganja juu ya nguo yako, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, akarudi ndani kwa urefu huo na kukata. Kipande kilianguka kwenye kapu chini ya meza. Kapu likijaa, lori la misheni lilikuja kulichukua na kulishusha bondeni, kwenye kijiji cha wagonjwa wa ukoma, kwa ajili ya kufungia vidonda. Mama yangu alikuwa akisema "kata" haraka, kama mtu anayefukuza nzi, na mazungumzo yakaendelea.

Siku ile Mama wa Dukani hakumtazama mama. Alinitazama mimi.

"Bibi harusi, nguo ni yako. Nakuuliza wewe."

Sikuwa nimeulizwa jambo lolote katika harusi ile. Posa ilipokelewa na wajomba, tarehe ilipangwa na padre, rangi na mama. Kichwani mwangu gauni lilikuwa limeshashonwa, limefika kwenye vifundo vya miguu, nami natembea nalo pole pole kati ya mabenchi.

"Litakuwa fupi," nikasema.

Mama akacheka. "Mwalimu anakuoa wewe au anaoa pindo?"

Nikasema kata. Nakumbuka mlio wa mkasi ule kuliko kengele za harusi yenyewe. Kile kipande kilijikunja hewani, kikaenda chini taratibu mno, na kwa siku kadhaa nilikiona usingizini kikishuka vile vile bila kufika.

Harusi ikapita. Gauni lilinipwaya kifuani na lilikuwa fupi kidogo, na mama mkwe alisema limekaa kisichana, akimaanisha vizuri. Nikateremka Lulindi na sanduku moja na mikeka miwili.

Kule chini kulikuwa na joto, na usingizi wa mchana, na maji karibu. Mume wangu akienda shule nilikuwa naweza kukaa kizingitini nikautazama mteremko wa kwetu ukiwa wa buluu mbali, kama mtu anayeutazama mji alioambiwa tu habari zake. Wake za walimu walikuwa na zamu ya kwenda kijiji cha wagonjwa, ng'ambo ya kijito, kupeleka mayai na tumbaku na kukaa nao. Zamu yangu ilipofika niliogopa. Jirani alikuwa ameniambia nisikae kwenye mkeka wao wala nisinywe kitu.

"Ukoma hauruki kama kiroboto," mume wangu akasema. "Wasalimie, ukae nao kama watu."

Nikaenda. Zilikuwa nyumba za udongo zilizopangwa kwa mistari, zimefagiliwa kuliko zetu. Na kati ya nyumba mbili palitandazwa kwenye kamba shuka moja kubwa, kubwa kupita kitanda chochote, la viraka kutoka mwanzo hadi mwisho. Upepo ulikuwa unaingia ndani yake na kutoka. Nikasimama. Niliona Newala. Pale palikuwa na chiti ya zambarau ambayo shangazi yangu aliivaa kwenye maulidi ya jirani yake. Palikuwa na khaki ya kaptura za wanafunzi, na mistari ya mto wa mke wa karani wa boma, na kaniki, kaniki nyingi. Watu wa sokoni wote walikuwa wanapeperuka mbele yangu bila miili. Nikasogea kama mtu anayeota, na karibu na pindo, chini, nikaiona samawati.

"Hii ya kwangu!" nikasema kwa sauti, hata kabla ya kumsalimia mtu.

"Ya kwako?" mtu akajibu kutoka chini. "Basi ndiwe bibi harusi."

Alikuwa amekaa kivulini mwa lile shuka, mwanamke wa makamo mwenye ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu na chale za zamani usoni, nzuri, zilizochorwa na fundi aliyejua kazi yake. Vidole vyake vingi vilikuwa vimekatika. Sindano aliishika kati ya viganja, akaimalizia kuivuta kwa meno.

"Shikamoo mama," nikasema, nimeona aibu.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikakaa kwenye mkeka wake. Nikamuuliza alijuaje habari za harusi.

"Tulibishana sana. Huyu mwenzangu wa hapo barazani alisema poplini kama hiyo ni ya mtoto wa ubatizo. Mimi nikasema hapana, kipande ni kipana na kipya kabisa, hicho ni cha bibi harusi. Ila mama yake anaogopa vumbi, ndiyo maana hakununua nyeupe."

Wanawake waliokuwa vibarazani wakacheka, nami nikacheka mpaka machozi, kwa sababu mama yangu alikuwa pale kabisa, katika kile kitambaa.

Ndipo wakanieleza. Vipande vyeupe dresa, yule mfunga vidonda wa misheni, alivichemsha na kuvifanya bendeji. Vya rangi vilichuja na kuunguza vidonda, hivyo wakapewa wao wajazie mito. Hawakujazia mito. Yule mama ndiye aliyeanza kuviunga, na walipokuwa wakiviunga wakaanza kuvisoma.

"Sisi soko la Newala hatulioni," akaniambia. "Lakini mwaka tunaujua. Korosho zikikubali, chiti zinakuja na maua makubwa makubwa. Zikikataa, kapu linakuja na kaniki tupu, zile nyeusi za bei ndogo."

Tangu siku hiyo niliacha kungojea zamu. Nilikwenda nilipopata nafasi, na kila kapu jipya lilipofika waliniwekea vitambaa mapajani niseme ni vya nani. Nilivyovijua niliwaambia: hiki ni cha fundi baiskeli, mkewe amejifungua, hiki ni cha yule bibi anayeuza ugoro. Nisivyovijua nilisema sijui, wakavipa wenyewe watu na mambo yao, na baada ya muda hata mimi nilishindwa kutenganisha. Alasiri zile zimebaki kwangu kama alasiri moja ndefu. Joto, inzi wawili watatu, harufu ya dawa, na sauti ya yule mama ikiuliza taratibu, "Na huyu?"

Ukaja msimu kapu likawa na kijani. Kila mkono ulioingia ndani ulitoka na kijani.

"Kuna nini huko juu?" wakaniuliza. "Kuna harusi ya mji mzima?"

Nikawaambia kuna mikutano. Watu wanasema tutajitawala wenyewe, Mwingereza ataondoka, na wanaokubaliana na jambo hilo wanajishonea kijani. Wakazipapasa zile shibiri. Mmoja akauliza kama na wao watakuwemo. Nikasema sijui, nadhani ndiyo. Wakazishona zote pamoja upande mmoja wa shuka, na upande ule ulikuwa kama shamba la mpunga.

Ilikuwa baada ya masika ya mwaka uliofuata yule mama aliponiita ndani ya nyumba yake. Hakuwa amewahi kuniingiza ndani. Akainua mkeka, akatoa shibiri moja ya bafta nyeupe, imekunjwa vizuri.

"Hii niliiomba kwa dresa kabla haijaingia chunguni," akasema. "Wewe ni mzaliwa wa mjini. Bafta watu wananunulia nini?"

"Kanzu," nikasema. "Nguo za ubatizo. Gauni la harusi."

"Na nini tena?"

Nikaugeuza uso mlangoni.

"Na sanda," akasema mwenyewe.

Ndipo akanisimulia. Alikuwa na binti mmoja. Alimwacha kwa mjomba wake, katika kijiji kilicho mbele ya Newala kwenye njia ya Kitangari, akiwa ndiyo kwanza anaota maziwa. Alimkataza asije kumwona huku, na mtoto akatii. Wakati wa masika alisikia kwa wagonjwa wapya kwamba homa ya kifua ilipita vijiji vile na kuchukua wasichana. Baada ya hapo hakuna aliyekuja na neno, si zuri si baya. Kisha likaja kapu, na ndani yake bafta.

"Nitume mtu kijijini akaulize?" nikasema.

"Hapana. Nikimwuliza mtu wa kule atanijibu." Akaikunjua ile nyeupe juu ya goti, akaikunja tena. "Kamwulize yule mwenye mkasi. Huenda anakumbuka uso wa aliyeinunua. Huyo nitaweza kumsikiliza."

Nilipanda Newala na lori la mahindi. Nililala kwa mama, na asubuhi nikatoka na ile bafta kwenye ubindo wa khanga yangu. Ukungu ulikuwa mzito siku hiyo hata duka lilikuwa limewasha taa. Mama wa Dukani alinikumbuka.

"Bibi harusi! Gauni lilikuwa fupi?"

"Kidogo tu, mama."

Nikamwekea kile kitambaa mezani, nikamweleza. Akakipapasa, akakigeuza, akakirudisha.

"Bafta ni bafta, mwanangu. Nauza kila siku ya soko. Nitakumbuka vipi?"

"Basi huwezi kujua kama ilikuwa ya sanda?"

Akauweka mkasi chini. Nilimwona akinishangaa, kama mtu aliyeulizwa kama anakula mbele ya maiti.

"Sanda?" akasema. "Anayenunua sanda simwombi. Mtu akiingia hapa na uso wa msiba, hata hajafungua kinywa namjua, napima, nakata, namwongezea shibiri yangu. Nitamwambiaje apunguze ya maiti wake?" Nyuma uani tulisikia mumewe akihesabiana na wakulima. "Mimi pia nimeshawahi kukata sanda hapa kwa mkono wangu, ya mwanangu. Meza hii hii. Mwambie huyo mama kwamba kapu langu halina hata uzi mmoja wa sanda, tangu lilipoanza."

Nikarudi bondeni na neno hilo. Njiani kwenye lori nilikuwa nalirudia rudia midomoni nisije nikalipoteza, na mikorosho ilipita pembeni yetu ikiwa imeshikana mikono.

Nilimkuta chini ya shuka, na wenzake wako naye. Nikawaambia kama nilivyoambiwa. Kisha yule mama akauliza:

"Ina maana nyeupe zote ni za furaha?"

"Zote."

"Hata zile zilizochemshwa, tukafungiwa vidonda?"

"Hata zile, mama."

Akanyoosha mguu wake uliofungwa bendeji, akautazama kama anauona kwa mara ya kwanza. Na wengine nao wakatazama, huyu mkono wake, huyu mguu, polepole, wakiugeuza geuza kwenye mwanga.

"Mimi nadhani nimevaa ubatizo," mmoja akasema.

"Mimi kanzu ya Idi."

"Mimi," akasema bibi mmoja mzee sana asiyekuwa na pua, "mimi ni bibi harusi, niacheni."

Kicheko kilichotoka hapo kilimleta dresa mbio akidhani kuna jambo. Yule mama hakucheka sana. Alijua, na mimi nilijua, kwamba neno lile halikusema habari yoyote ya mwanawe. Watu wa vijijini wangeweza kununua sanda popote. Lakini jioni nilipomuaga alinishika mkono kwa viganja vyake viwili.

"Nilikuwa nalala na maiti chini ya mkeka," akasema. "Leo nitalala peke yangu."

Miaka ile ndipo vilipokuja vidonge vipya vya ukoma. Vidonda vilivyokuwa vimezoea kukaa wazi vilianza kufumba, kimoja kimoja, na dresa akaanza kuwaambia watu wameshapona na wanaweza kwenda kwao. Wengine walikwenda siku hiyo hiyo. Yule mama aliambiwa, akasema ana mshono haujaisha. Akakaa kipupwe chote akishona. Siku moja akaja mwenyewe hadi kwangu, ng'ambo ya kijito, mahali ambapo hakuwa amewahi kufika, akasimama mbali na mlango.

"Nipandishe," akasema.

Tulipanda kwa miguu, kwa sababu hakutaka lori, alisema litamfikisha mapema. Mikorosho ilikuwa imechanua, na harufu yake tamu ilitushika koo tangu katikati ya mteremko. Yeye alitembea nyuma yangu bila kuuliza kitu. Ukungu ulitukuta njiani ukiteremka, tukaingia ndani yake na kutoka upande wa pili tukiwa na nywele zenye umande, na bonde lote tuliloliacha lilikuwa limefutika, jeupe, hakuna Lulindi, hakuna Ruvuma. Sokoni hatukusimama. Tulilala kwa mama yangu, na siku ya pili tukashika njia ya Kitangari.

Kwenye kijiji chake nyumba zilikuwa zimehamishwa, hakuijua hata moja. Akawa anatembea kama mgeni, anatazama huku na huku. Mwanamke kijana alikuwa anachekecha unga wa muhogo mbele ya mlango, ana mtoto mgongoni. Alituona, akapiga goti kidogo kama inavyopasa kwa wapita njia.

"Shikamooni."

"Marahaba," akasema yule mama.

Neno hilo moja tu. Ungo ukasimama. Yule kijana hakuinua uso mara moja. Aliutazama unga, kisha akasema kwa Kimakonde neno ambalo watoto wadogo humwitia mama, na mwenzangu aliketi chini pale pale alipokuwa, njiani.

Waliongea mengi ambayo sikuyasikia. Nilikaa pembeni nikatazama kuku. Baadaye nilimsikia yule mama akiuliza, akijifanya anauliza tu:

"Uliolewa na nguo gani? Bafta?"

"Bafta?" Binti akacheka huku anajifuta pua. "Khanga, mama! Bafta ningeitoa wapi mimi?"

"Aa," akasema mama yake. Akafikiri. "Khanga ilikuwa na rangi gani?"

Binti akaanza kumweleza, rangi na maua yake na maneno yaliyoandikwa, na huku anaeleza aliingia ndani akatoka na mtungi. Wanawake wa kijiji kile walitoka jogoo la kwanza kwenda kuteka maji chini ya mteremko, wakarudi jua likiwa kichwani. Mtungi ule ndio uliokuwa wa nyumba nzima. Akauinamisha juu ya miguu ya mama yake.

"Usimwage, mwanangu. Nipanguse tu kwa kitambaa."

Hakusikia, au hakutaka kusikia. Aliyamwaga yote, polepole, akiosha kila kidole kilichobaki na mahali pa vile ambavyo havikubaki. Maji yakawa mekundu kwa vumbi la safari, yakaenda mpaka kwenye ukingo wa ua, kuku wakayakimbilia. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wenye joto, macho yananifumba. Mtoto wa mgongoni alikuwa amelala tangu tulipofika, kichwa kimelala upande, na katika yote yale hakuona kitu.